Fundi wa Dodoma, itaje kazi yako na bei yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na mafundi na wasanii wa mji huu: washonaji, wachoraji wa batiki, wasuka vikapu, mafundi wa viatu na mikoba ya ngozi, wapambaji wa kumbi, waokaji wa keki, wapiga picha, na wazee wa vijiji vya Chamwino na Bahi wanaotengeneza zeze na marimba. Wengi wao wana mikono ya kuaminika lakini hawatangazi. Ukiuliza sababu, jibu liko tayari: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Methali hiyo ilifaa mahali ambapo mnunuzi alimjua fundi, baba yake na mtaa wake. Dodoma ya leo si mahali hapo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma Mjini. Sensa ya 2022 ikahesabu 765,179 katika Jiji la Dodoma. Katikati ya sensa hizo Serikali ilitangaza kuhamia hapa mwaka 2016, mji ukawa jiji mwaka 2018, na ofisi za wizara zikaota katika eneo la Mtumba. Mtumishi aliyehamia Ilazo au Kisasa hana namna ya kujua kwamba Nkuhungu kuna mama anayeshona suti iliyokaa kuliko ile anayoifuata Kariakoo. Na tangu treni ya SGR ianze kufika hapa mwaka 2024, kwenda Dar es Salaam kupima nguo na kurudi ni safari ya siku moja. Kizuri kilichofichwa kabatini Nkuhungu hakijiuzi.

Nasema hivi nikijua kwamba hofu ya kujitangaza si uvivu, na wala haitibiwi kwa kumwambia mtu "jiamini". Ina vyanzo vyake, na kila chanzo kina dawa yake.

Chanzo kikubwa ni kuogopa kuonekana mwenye majivuno. Tumelelewa kwamba mtu mwenye adabu hajisifu, husifiwa. Ndiyo maana fundi mwenye miaka kumi kwenye cherehani, akiulizwa anafanya nini, anajibu "nashona-shona tu", na mchoraji aliyeuza picha hotelini anasema "nachora-chora kidogo". Hana nia mbaya, anaficha makali. Lakini mgeni anayesikia hivyo anaelewa alichoambiwa: huyu ni wa kubahatisha, ngoja nitafute fundi kamili.

Angalieni machinga wa Soko la Wazi. Anapaza sauti kutwa nzima na hakuna anayemwita mwenye majivuno. Kwa nini? Kwa sababu hajitaji yeye. Anataja shati, anataja saizi, anataja bei. Hapo ndipo siri ilipo, na ndiyo hoja yangu yote: anayeogopa kujisifu aache kabisa kujisifu, aieleze kazi. Maelezo kamili ya kitu hayana majivuno ndani yake, na humuuza fundi kuliko sifa. (Ingawa, kwa wanaodhani kujitangaza tumeletewa na simu, majigambo ni sanaa ya Kiafrika ya tangu na tangu, na watoto wetu hufundishwa shuleni katika fasihi simulizi.)

Tuchukue mkoba wa ngozi. Tangazo la kawaida ni hili: "Mikoba mikali sana, ubora wa hali ya juu, bei njoo inbox." Hapo pana sifa mbili na habari sifuri. Sasa soma hili: "Mkoba wa ngozi ya ng'ombe, upana sentimita 30, kimo 24. Umeshonwa kwa mkono kwa uzi uliopakwa nta. Ndani una mfuko mmoja wa zipu. Kahawia na nyeusi. Sh 55,000. Unakuwa tayari siku 5 baada ya malipo ya awali. Nipo Nkuhungu, Kisasa na Ilazo unaletewa kwa bodaboda, nauli juu ya mteja." Humo hamna sifa hata moja, na aliyeliandika hana cha kuonea haya. Mnunuzi naye amejibiwa maswali mengi ambayo angeona aibu kuyauliza, maana na yeye ana aibu zake.

Vitu vya kutaja ni vilevile kwa karibu kila kazi: ni kitu gani, kimetengenezwa kwa nini, ukubwa, rangi zilizopo, bei, muda, na kinapatikanaje. Kwa keki, ukubwa ni kilo na idadi ya watu wanaotosheka. Kwa mpambaji, ni idadi ya viti na meza, na saa anazohitaji ukumbi uwe wazi. Kwa mpiga picha, ni saa za kazi, idadi ya picha zitakazosafishwa na siku ya kukabidhi. Kwa zeze, ni idadi ya nyuzi, urefu wa mti, na kama upinde wake umo ndani ya bei. Fundi akae na daftari jioni moja, aandike maelezo ya kazi zake tano kwa mpangilio huo, ayahifadhi kwenye simu. Hofu nyingi ya kujitangaza ni hofu ya kutafuta maneno pale pale mtu anapokutazama. Maneno yakiwa yameshaandikwa, inabaki kazi ya kuyanakili.

Kuna pia maneno ya kufuta. Pitia ujumbe wako kabla ya kuutuma, ondoa "samahani kwa usumbufu", ondoa "ni vitu vidogo tu", ondoa "najaribu jaribu". Adabu ibaki, na kwetu adabu ni salamu. Kwa mtu mzima anza na shikamoo, na ungoje marahaba kabla ya kumwaga picha na bei. Lakini kuomba radhi kwa kuuza kitu kizuri ni kumfundisha mteja kwamba kuna kosa limefanyika.

Sasa bei, ambapo ndipo hasa watu wanapokwama. "Bei njoo inbox" haitokani na ujanja wa biashara kama wengi wanavyodai. Mara nyingi ni woga. Fundi anaogopa kuandika namba kwa sababu hajui ilikotoka, na anajua kwamba mteja wa kwanza akisema "mbona ghali" atateremka. Dawa ni hesabu. Kwa mkoba ule, tuseme ngozi ni sh 18,000, bitana na zipu 4,000, uzi, gundi na vifungo 3,000. Jumla ya malighafi 25,000. Kazi ni saa 6, na fundi amejipangia sh 2,500 kwa saa: 15,000. Tumefika 40,000. Pango, umeme, visu vinavyochakaa na nauli ya kufuata ngozi, gawanya kwa idadi ya mikoba ya mwezi, tuseme inaangukia 5,000 kwa mkoba. Sasa 45,000. Weka faida ya asilimia 20, yaani 9,000. Inakuja 54,000, unaandika 55,000. Namba ni za mfano, kila mtu aweke zake. Lakini asiruke mstari wa saa wala mstari wa pango, maana hiyo miwili ndiyo inayosahaulika na ndiyo inayoua karakana.

Aliyefanya hesabu hiyo hatetemeki akiambiwa "nipe kwa elfu 40". Anajua kwamba kwa 40,000 analipwa jasho lake, lakini pango analitoa mfukoni. Anajua pia kwamba kwa 30,000 amekaa saa 6 kwenye kiti bure kabisa. Basi jibu lake linakuwa na utulivu: "Kwa elfu 40 ninao wenye upana wa sentimita 24, hauna mfuko wa ndani." Punguza kitu, usipunguze bei ya kitu kilekile, ukipunguza leo kwa mmoja, kesho jirani yake atakuja na bei hiyohiyo mdomoni. Na ndugu? Amua mapema punguzo la ndugu, kwa mfano asilimia 10, liwe moja kwa wote, ili usibishane na shangazi mbele ya watu.

Hapo naingia kwenye hofu nyingine isiyosemwa hadharani: kupigwa mizinga. Fundi anaogopa kwamba akionekana mtandaoni ana kazi nyingi, simu za kuombwa hela zitaanza kutoka kijijini hadi mjini. Hofu hii si ya kuchekwa. Namba ya biashara iwe mbali na namba ya nyumbani, na hela za biashara ziingie kwenye lipa namba, yaani namba ya kupokelea malipo ya biashara, siyo kwenye simu anayoshika kila mtu. Picha zionyeshe kazi, zisionyeshe mabunda ya noti wala foleni ya wateja. Mwenye kuuza "mafanikio" badala ya mikoba hujiletea mizinga mwenyewe.

Kuna wanaoogopa kuigwa. Wanasema nikiweka mtindo wangu leo, Jumatatu utakuwa Soko la Majengo. Ni kweli hutokea, na mtindo wa nguo ni mgumu kuulinda. Lakini tofautisheni. Mchoro wako, picha yako, nakshi uliyoibuni, vinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 tangu vinapotengenezwa; kuvisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hukupa ushahidi wa kusimama nao. Jina na nembo ya biashara ni suala la BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Wazo tupu, kama vile "kuuza mikoba yenye kitenge pembeni", halina mwenyewe. Kwa hiyo weka alama yako ndani ya kazi, mahali ambapo kuikata ni kuharibu kitu. Hifadhi picha halisi zilizomo kwenye simu, zile zenye tarehe, usibaki na zile zilizopita WhatsApp tu. Na usionyeshe kielelezo cha kukatia wala kipimo cha rangi. Onyesha matokeo. Zaidi ya hapo, mtindo usioonekana na mtu hauibiwi, ndiyo, na haununuliwi.

Na kodi. Wapo wanaojificha kwa kuogopa kwamba tangazo litamleta ofisa mlangoni. Kupata TIN, yaani namba ya mlipakodi, hakuna ada. Mfanyabiashara mdogo mwenye kumbukumbu za mauzo hukadiriwa kwa mauzo yake, na asiye nazo hupangiwa kiwango cha daraja lake. Daftari la mauzo ni akiba. Nendeni ofisi ya TRA mkaulize madaraja kabla ya mwaka kuanza, msiulize vijiweni. Kujificha nako kuna gharama: ofisi ya umma haiwezi kumpa oda ya zawadi za wageni mtu asiye na TIN wala risiti, na Dodoma ofisi za umma ndizo wateja wenye mikutano kila wiki.

Nirudi kwenye utekelezaji. Anayeogopa asianze na watu wasiomjua. Achukue daftari, aandike majina kumi ya watu walioshawahi kununua kwake na wakaridhika. Awaandikie mmoja mmoja, wawili kwa siku: "Habari za leo, dada. Ule mkoba wa kahawia uliochukua mwezi wa tatu unaendeleaje, mishono imeshika vizuri? Wiki hii nimemaliza wenye mkanda mrefu, picha hii hapa, sh 55,000. Ukiwa na ndugu anayetafuta, mpe namba yangu." Ujumbe huu unaanza na kujali kitu kilichokwisha kulipiwa, kwa hiyo anayeupokea haoni kwamba amevamiwa. Una faida nyingine: ukiambiwa mshono umeachia, umejua kabla hajamweleza mtu wa tatu, utautengeneza bure, na sifa itabaki kwako. Usiwaandikie wote kwa ujumbe mmoja ulionakiliwa. Watu wa ofisi moja huonyeshana simu.

Wakijibu vizuri, hapo ndipo mahali pa kupata sifa bila kujisifu. Usiulize "umeupendaje?" Utajibiwa "mzuri sana", na maneno hayo hayana kazi. Uliza jambo moja mahususi: umebeba nini humo, umeutumia muda gani, mvua ilipoupata ulikuwaje. Jibu kama "nabeba kompyuta na chupa ya maji kila siku tangu mwezi wa tatu na mkanda haujalegea" linamshinda mtangazaji yeyote. Omba ruhusa ya kulitumia, na omba ruhusa nyingine ya picha. Tangu 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika, na sura ya mtu ni taarifa yake. Wapambaji na wapiga picha za harusi waweke kipengele hicho kwenye mkataba wao: picha zitatumika kwa matangazo, ndiyo au hapana, na sahihi. Bibi harusi akisema hapana, piga meza, maua na taa.

Simu sasa. WhatsApp Business ni ya bure, na ina mahali pa kupanga bidhaa zikiwa na picha, bei na maelezo, mteja akiuliza "una nini?" unamtumia kiungo kimoja badala ya kumimina picha 40. Lakini wengi hukata tamaa kwa jambo ambalo ni la kiufundi tu. Wanaweka stetasi, wanaona wametazama watu saba, wanaamini kazi yao haipendwi. Stetasi yako humfikia mtu uliyehifadhi namba yake na yeye akahifadhi yako. Orodha ya kutangazia (broadcast) nayo inabeba hadi watu 256, na ujumbe haumfikii asiyekuhifadhi. Wateja wengi wa mafundi hawajahifadhi namba ya fundi. Waliipata kwa rafiki, wakapiga, ikaishia hapo. Kwa hiyo kila unapokabidhi kazi, sema kabla mteja hajaondoka: "Tafadhali hifadhi namba yangu, kwa jina la Fundi Mikoba Nkuhungu." Jina liwe la kazi na mahali, maana baada ya miezi sita atatafuta "mikoba", hatakumbuka jina lako la ubatizo. Nawe hifadhi yake wakati uleule.

Mara mbili kwa wiki inatosha. Jumanne kazi iliyokamilika yenye maelezo yote, Ijumaa hatua ya utengenezaji au jibu la swali ulilowahi kuulizwa: jinsi ya kufuta vumbi kwenye ngozi, kwa nini batiki ifuliwe peke yake mara ya kwanza. Anayeweka picha 25 asubuhi moja kisha akapotea wiki tatu huwakera watu na hunyamazishwa, yaani stetasi zake zinafichwa na hajui. Wiki ambayo mishahara ya Serikali inatoka, sogeza tangazo la bei hapo. Na kwenye makundi ya ukoo, ya jumuiya na ya vikoba, omba kiongozi ruhusa, tuma mara moja kwa mwezi, basi. Makundi yale yana kazi zake.

Picha sitazieleza sana. Futa kioo cha kamera kwanza, kwa vumbi la mji huu. Piga karibu na mlango au dirisha, saa mbili hadi saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Jua la mchana la Dodoma linakula rangi na kutia vivuli vyeusi. Zima taa ya njano, inageuza nyeupe kuwa maziwa na mteja atalalamika rangi si ile aliyoiona. Nyuma weka ukuta mtupu au karatasi ya manila. Sogea karibu, usivute kwa vidole. Piga kitu kizima, piga mgongo wake, piga mshono, na moja kikiwa mkononi mwa mtu ili ukubwa ujulikane. Asiyetaka sura yake mtandaoni asiionyeshe: mikono inayofanya kazi inatosha, na watu hupenda kuitazama kuliko uso.

Kuzungumza ana kwa ana kunahitaji mazoezi tofauti. Tembeleeni mabanda ya kazi za mikono katika viwanja vya Nanenane pale Nzuguni wakati wa maonyesho. Fundi amekaa nyuma ya meza, ameinamia simu, vitu vimepangwa bila bei. Mgeni anapita, anagusa, anarudisha, anaondoka. Pande zote mbili zimeoneana haya. Simama pembeni ya meza, siyo nyuma yake, maana meza hugeuka kaunta ya polisi. Kila kitu kiwe na kikaratasi cha bei. Mgeni akikaribia, salamu, kisha sentensi moja inayohusu kile anachokitazama: "Hilo ni zeze la nyuzi mbili, kibuyu chake tumelima wenyewe, unaweza kulipiga." Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Fundi mwenye hofu hujaza ukimya kwa kushusha bei kabla hajaombwa: "ni elfu 60, ila tunaongea." Hajaulizwa! Hesabu polepole hadi tano kichwani, mwache mtu ashike, ajaribu, ageuze. Swali lake la kwanza litakuonyesha anachotafuta.

Ili sentensi hiyo itoke, jirekodi kwa simu ukiieleza kazi moja kwa sekunde 40. Sikiliza. Utajisikia unasema "yaani", "kidogo", "eeh" mahali pengi. Rekodi tena, na tena, mpaka itoke bila maneno hayo, kisha futa zote. Usimtumie mtu. Kisha mwambie mtu mmoja kwa sauti siku hiyohiyo, hata muuza vocha.

Kuna hofu moja niliyoiweka mwisho kwa makusudi kwa sababu ni ya haki. Baadhi ya mafundi hawajitangazi kwa kuwa wanajua, moyoni, kwamba oda zikija hawataziweza. Tumezoeana mno na "njoo kesho", na mteja aliyepewa sare ya send-off siku moja baada ya send-off atatangaza kuliko wewe. Huyu asitangaze kwanza. Ahesabu saa zake halisi: siku sita kwa wiki, saa 7 za kazi yenyewe kila siku baada ya kutoa simu, wateja na umeme kukatika, ni saa 42. Mkoba ni saa 6, hivyo ni mikoba 7. Aahidi 5. Ile miwili ni ya marekebisho, kuugua na misiba. Halafu aandike wazi kwenye tangazo: "Nachukua oda 5 kwa wiki, wiki hii zimebaki 2." Wapo wanaodhani kusema hivyo ni maringo. Mteja anayeambiwa ukweli wa nafasi hulipa malipo ya awali mapema, nusu ya bei, na nusu hiyo katika mfano wetu, sh 27,500, inatosha kununua malighafi yote bila kukopa. Asiyechukua malipo ya awali anashonea mteja wa pili kwa hela ya wa kwanza, na kuchelewa kunaanzia hapo.

Wanaolipia mtandaoni nao wana hofu yao, ya kutapeliwa. Wasaidieni. Lipa namba isajiliwe kwa jina lilelile la tangazo ili jina linalotokea kwenye simu lisimshtue mtu. Taja mtaa na alama inayojulikana, mwalike aje aone. Mzigo wa mkoani ukipelekwa stendi, mtumie picha ya kifurushi kikiwa na jina, ya risiti na ya basi. Picha hizo tatu huja kuwa tangazo, kwa sababu mteja huzionyesha kwa wenzake.

Kupima, tumieni daftari lenye safu tatu: amesikia wapi, ameuliza nini, amenunua au la. Laiki zisihesabiwe. Baada ya miezi mitatu itaonekana kama wateja wanatoka stetasi, kwa marafiki au kwenye kibao cha mlangoni. Muda uongezwe huko na kwingine kupunguzwe. Swali linalojirudia mara tatu kwenye safu ya katikati ni jambo ambalo tangazo lako halijalisema.

Mwisho, kwa waandaaji wa maonyesho na maofisa utamaduni na biashara wa halmashauri zetu: mnapowapa mafundi meza na turubai, ongezeni saa moja asubuhi kabla ya geti kufunguliwa. Fundi mmoja awe mgeni, mwingine awe muuzaji, wabadilishane. Na kila meza ikaguliwe kama ina bei na namba ya simu inayosomeka kutoka hatua tatu. Kalamu nene na manila vitatosha. Na ninyi mnaoandaa mikutano ya wizara, mkigawa kikapu au mkoba kwa wageni, wekeni ndani yake kikaratasi chenye jina la aliyeutengeneza, mtaa wake na namba yake.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mdau wa kazi za mikono,
Dodoma